Kumfundisha mwongozaji wa mashambulizi ya anga kwa simyuleta: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi ndani ya kuba

Usiku wa tarehe 12 Machi 2001, kwenye uwanja wa mazoezi wa Udairi nchini Kuwait, ndege ya F/A-18 ya Jeshi la Majini la Marekani ilidondosha mabomu matatu, kila moja la ratili 500, juu ya kituo cha uangalizi badala ya shabaha. Walikufa watu 6: Wamarekani 5 na ofisa mmoja wa New Zealand. Hapakuwa na adui eneo lile. Lilikuwa zoezi, na wote waliokufa walikuwa pale kwa ajili ya zoezi hilo.

Naanza na Udairi kwa sababu inaeleza kwa nini chumba chenye skrini na hedifoni kistahili heshima ile ile tunayoupa uwanja wa kulenga shabaha. Kosa lililofanyika kwenye simyuleta hubaki kwenye rekodi. Kesho yake mnalisikiliza tena, mnalijadili, mwanafunzi anarudia. Na kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni moja: kuiacha ndege iendelee wakati kuna jambo halijakaa sawa. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo. Unamfundisha mtu kuomba bomu, ndiyo, lakini zaidi unamfundisha kulizuia kwa wakati.

Mtu tunayemzungumzia asichanganywe na mwongoza ndege wa mnarani. Huyu ni askari aliye ardhini pamoja na kikosi, mwenye redio, ramani, darubini na kipima umbali cha leza, anayempa rubani ruhusa ya kushambulia karibu na askari wa upande wake. Marekani na nchi nyingi za NATO humwita JTAC (Joint Terminal Attack Controller). Jina la zamani, ambalo bado linasikika, ni FAC (Forward Air Controller). Hapa nitamwita mwongozaji.

Hatua ya 1: Jua simyuleta inahesabiwaje

NATO ina mkataba wa viwango unaojulikana kama STANAG 3797, unaoeleza sifa za chini kabisa za mwongozaji. Mtu hafuzu kwa mtihani wa karatasi peke yake. Anafuzu kwa kuongoza mashambulizi chini ya jicho la mkufunzi, na akishafuzu anatakiwa kuendelea kuongoza kwa idadi maalumu kila baada ya miezi 6, la sivyo ruhusa yake inasimama mpaka akaguliwe upya. Simyuleta iliyokaguliwa na kuidhinishwa inaweza kuchukua nafasi ya baadhi ya mashambulizi hayo, si yote. Kompyuta ya nyumbani yenye michezo ya vita kama DCS World au Arma 3 haihesabiwi kabisa, ingawa kwa kuzoeza ulimi na sikio ina faida, na nitaieleza mbele.

Kabla mwanafunzi hajagusa simyuleta, hakikisha mambo manne yako damuni: kusoma ramani na gridi (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), kutumia dira, nidhamu ya redio, na kujua silaha za ndege zinafanya nini zikifika chini. Ukimwingiza kwenye kuba, yaani chumba cha simyuleta chenye picha pande zote, mtu ambaye bado anahesabu gridi kwa vidole, utapoteza saa za watu watano kumfundisha jambo la penseli na karatasi.

Hatua ya 2: Panga watu kwanza, mitambo baadaye

Shule kubwa zina vifaa vya kuvutia. Shule ya Uingereza iko kambi ya RAF Leeming. Jeshi la Anga la Marekani lina shule yake kambi ya Nellis, Nevada. Ufaransa wanafundishia Nancy-Ochey. Mwanafunzi anasimama ndani ya kuba, picha ya milima na vijiji imemzunguka, anashika darubini ya kuigiza inayoonyesha kile kile ambacho ingekionyesha ya kweli. Nyuma ya picha hizo kuna programu kama VRSG inayochora mandhari, MACE inayoendesha ndege na mizinga, au VBS ya Bohemia Interactive Simulations. Programu hizi zinaongea kwa lugha ya pamoja ya mtandao iitwayo DIS, na ndiyo maana mwongozaji aliye chumba kimoja anaweza kuongea na rubani aliye kwenye simyuleta ya ndege mji mwingine kabisa.

Hayo yote ni mazuri. Lakini kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu, mtafute rubani wa kuigiza aliye bora. Picha mbovu mwanafunzi anaizoea kwa dakika tano. Rubani wa kuigiza asiyejua kazi, anayejibu "sawa, nimeona" kwa kila kitu, anamharibu mwanafunzi kwa miaka, kwa sababu anamzoesha kuamini kwamba rubani huona kila anachoambiwa. Mtu anayefaa ni rubani aliyestaafu au mwongozaji mzoefu anayejua jinsi dunia inavyoonekana kutoka futi 15,000: nyumba ni vidonge, watu hawaonekani, na kivuli cha wingu hufanana na ziwa.

Kwa kipindi kimoja kinachokwenda vizuri unahitaji watu watano. Mwanafunzi. Rubani wa kuigiza, ambaye anaweza kuwa na sauti mbili kama ndege ni mbili. Kamanda wa ardhini, ndiye mwenye kikosi na mwenye mamlaka ya kukubali hatari. Ofisa wa mizinga, kwa sababu makombora na ndege vinagombea anga lile lile. Na fundi wa mitambo. Mkufunzi ni wa sita, na kazi yake kubwa ni kukaa kimya na kuandika.

Redio ziwe mbili angalau: moja ya ndege, moja ya kamanda. Usiziunganishe kwenye hedifoni moja iliyo safi. Kila redio iwe na spika yake, ziongee kwa pamoja, na weka mkwaruzo kidogo. Mwanafunzi ajifunze kumwambia kamanda wake asubiri.

Kwa kikundi kidogo kisicho na kuba, kompyuta mpakato mbili, hedifoni mbili na ramani iliyochapishwa vinatosha kuanzia. Mmoja anakaa na picha ya angani, mwingine na picha ya ardhini, na wamegeuziana migongo. Hakuna kuchungulia skrini ya mwenzako.

Hatua ya 3: Mistari tisa, mezani, mpaka iwe kama sala

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko wakufunzi wengi, na sijutii. Taarifa ya shambulio ina mistari tisa, na kila mstari una mahali pake. Rubani hasikii majina ya mistari; anasikia namba na maneno kwa mpangilio anaoujua, anaandika kwenye kadi iliyofungwa pajani. Ukiruka mstari mmoja, kila kinachofuata kinaandikwa kwenye kisanduku kisicho chake.

Chukua mfano huu wa kubuni na uuchapishe ukubwa wa karatasi nzima:

1. Nukta ya kuanzia: Simba
2. Mwelekeo kutoka nukta hiyo: 045, digrii za sumaku
3. Umbali: maili 8 za baharini
4. Mwinuko wa shabaha: futi 1,250 juu ya usawa wa bahari
5. Maelezo: gari moja lenye bunduki nzito, chini ya mti
6. Mahali: 41720 63385
7. Alama: hakuna
8. Wenzetu: kusini magharibi, mita 900
9. Njia ya kutoka: kata kushoto, rudi Simba

Inasomwa kwa pumzi tatu: mstari wa 1 hadi 3, kituo kifupi, wa 4 hadi 6, kituo, wa 7 hadi 9. Baada ya hapo yanafuata maelezo ya ziada na masharti, kama vile mwelekeo wa mwisho wa ndege na muda wa bomu kufika. Rubani anarudia mstari wa 4, mstari wa 6 na masharti yote. Namba zinatajwa moja moja: "nne, moja, saba, mbili, sifuri".

Sasa kazi ya mezani. Waambie wanafunzi wautazame mfano huo na uwaulize kama wangeutuma. Wengi watasema ndiyo. Wape ramani na rula. Ndege inaruka mwelekeo wa 045, maana yake inatoka kusini magharibi. Wenzetu wako wapi? Kusini magharibi mwa shabaha. Ndege itapita juu ya vichwa vyao ikiwa na silaha tayari, na bomu likitoka mapema, linaanguka upande waliko. Kila mstari, ukiutazama peke yake, ni sahihi. Tatizo liko kati ya mstari wa 2 na wa 8, na hakuna kompyuta itakayolipigia kengele. Dawa ni sharti la mwelekeo wa mwisho, mfano kati ya 120 na 150, ili ndege ipite sambamba na safu ya wenzetu badala ya kuwapitia juu. Kosa la bomu mara nyingi hunyooka na njia ya ndege, mbele au nyuma ya shabaha. Basi hakikisha hakuna mtu wako kwenye mstari huo.

Mstari wa 8 una mtego mwingine. Mwelekeo wake unahesabiwa kutoka kwenye shabaha kwenda kwa wenzetu. Mwanafunzi aliye ardhini anatazama shabaha, hivyo akili yake inamwambia "kaskazini mashariki", maana huko ndiko anakoangalia. Akisema hivyo, amewahamisha askari wake upande wa pili wa adui. Lirudie zoezi hili kila asubuhi kwa wiki nzima: mpe shabaha na mahali pa kikosi, ajibu ndani ya sekunde tatu.

Kisha gridi. Katika tarakimu tano za kila upande, ya kwanza ni makumi ya kilomita, ya pili kilomita, ya tatu mamia ya mita, ya nne makumi, ya tano mita moja moja. Andika ubaoni 41720, kisha ukosee tarakimu moja kila mara na uwaulize bomu limekwenda wapi. Ukikosea ya kwanza, uko kilomita 10 au zaidi, na pengine rubani atashtuka mwenyewe. Ukikosea ya tano, bomu kubwa halitajali. Ya hatari ni ya tatu. 41120 badala ya 41720 ni mita 600: bado uko kwenye bonde lile lile, kijiji kile kile, vita ile ile, na hakuna atakayeshtuka. Mwanafunzi akishaona hili kwa rula yake mwenyewe, hutahitaji tena kumhubiria umuhimu wa kusikiliza marudio ya rubani neno kwa neno.

Hatua ya 4: Mtiririko mzima, bado bila picha

Mpango wa kazi una hatua kumi na mbili, na ukiziendesha mezani kwa sauti mara ishirini utaziona zinajipanga zenyewe. Kwanza unaielekeza ndege mahali salama pa kusubiri, mbali na mizinga. Rubani anajitambulisha: ndege gani, ngapi, silaha gani, ana dakika ngapi za mafuta. Unampa hali ya ardhini. Unamweleza mpango. Unatuma mistari tisa, kisha masharti. Unasikiliza marudio. Mnahakikisha mnaongelea shabaha moja. Shambulio. Unapima kama limefanya kazi. Unampa rubani taarifa ya matokeo. Unamtoa eneo hilo kwa usalama.

Kwenye mpango ndipo unapotaja aina ya uongozaji. Aina ya 1: unaiona ndege na shabaha kwa macho yako, na unatoa ruhusa kwa kila shambulio. Aina ya 2: huoni kimoja au vyote viwili, mfano kwa sababu ya usiku au ndege iko juu mno, lakini bado unatoa ruhusa kwa kila shambulio. Aina ya 3: unaruhusu mashambulizi kadhaa ndani ya masharti uliyoweka. Wanafunzi hupenda kuzipanga kana kwamba ya 1 ndiyo salama na ya 3 ndiyo ya kuogopwa. Wakatishe mapema. Aina inachaguliwa kwa hali iliyopo na hatari ambayo kamanda amekubali.

Unataja pia kama rubani anapiga kwa namba za gridi tu, au lazima aione shabaha yenyewe kwanza. Hili linabadilisha kila kinachofuata. Kwa gridi, uhai wa watu unategemea namba. Kwa macho, unategemea maneno.

Hatua ya 5: Maneno ya kumfikisha rubani kwenye shabaha

Sasa washa picha. Mwanafunzi na rubani wa kuigiza wanaangalia kijiji kimoja kutoka sehemu mbili, na mwanafunzi anatakiwa kumchukua rubani kwa maneno kutoka kitu kikubwa hadi kidogo. Redioni huko NATO haya husemwa kwa Kiingereza. Hapa nayaweka kwa lugha yetu ili mantiki ionekane.

Mwongozaji: Anza na barabara ya lami inayotoka kaskazini kwenda kusini. Niambie unachoona.
Rubani: Naona barabara ya lami. Katikati ina daraja.
Mwongozaji: Ndilo hilo. Urefu wa daraja, mwanzo hadi mwisho, ni kipimo kimoja.
Rubani: Kipimo kimoja, urefu wa daraja.
Mwongozaji: Kutoka ncha ya kaskazini ya daraja, nenda mashariki vipimo vitatu. Unaona nini?
Rubani: Majengo mawili ya bati, kubwa na dogo, ndani ya ukuta.
Mwongozaji: Ukuta una lango upande gani?
Rubani: Kusini.
Mwongozaji: Mimi naona lango upande wa magharibi. Simama hapo. Tunarudi darajani.

Tazama mambo mawili. Mwongozaji hakuuliza "unaona majengo ya bati?" Ukimwuliza rubani swali la ndiyo au hapana, atapata ndiyo, maana majengo ya bati hayakosekani kijijini. Swali zuri linamwacha rubani aeleze mwenyewe. La pili, lango halikulingana, na mazungumzo yote yakarudi mwanzo bila kuona aibu. Pengine ni ukuta ule ule na lango la pili limefichwa na mti. Pengine ni nyumba ya familia. Dakika moja ya kurudi darajani inatosha kujua.

Mwelekeze rubani wa kuigiza, kwa siri, aangalie jengo lisilo lenyewe katika kipindi kimoja kati ya vitatu. Mwanafunzi asijue ni kipi.

Kuhusu lugha, kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 2013 huko Kivu Kaskazini, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi waliounda Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa walikuwa kwenye operesheni moja na helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini na Mi-24 za Ukraine. Hebu fikiria lafudhi zinazokutana kwenye redio moja. Kama wanafunzi wako watafanya kazi kwenye vikosi vya mchanganyiko, mwite mwigizaji mwenye lafudhi ngeni, anayeongea haraka, anayekosea matamshi ya namba. Mzoesheni masikio huko ndani, wakati gharama ni kurudia tu.

Hatua ya 6: Andika zoezi lenye jiwe ndani yake

Zoezi zuri lina tatizo moja lililofichwa. Ukiweka matano, mwanafunzi anazama na hajifunzi hata moja. Mahali pa kuyatoa ni historia yenyewe. Usibuni vya ajabu.

Tarehe 5 Desemba 2001, karibu na Kandahar, mwongozaji wa Marekani alikuwa amepata namba za shabaha kwenye kifaa chake cha GPS. Betri ikaisha, akabadilisha. Kifaa kilipowaka upya kilionyesha namba za mahali alipokuwa yeye mwenyewe, na hizo ndizo zilizopelekwa kwa ndege ya mabomu ya B-52. Bomu la ratili 2,000 liliua wanajeshi 3 wa Marekani pamoja na wapiganaji wa Afghanistan waliokuwa nao; Hamid Karzai, aliyekuwa eneo hilo, alijeruhiwa kidogo. Ligeuze liwe zoezi: katikati ya kipindi fundi anazima kifaa cha mwanafunzi, anakirudisha kikiwa na namba za kikosi. Usiseme neno. Angalia kama ataichora gridi kwenye ramani kabla ya kuituma. Kinga ya kosa hili ni penseli.

Tarehe 9 Juni 2014, mkoa wa Zabul, Afghanistan, ndege ya mabomu ya B-1B ilidondosha mabomu yaliyoua Wamarekani 5 na Mwafghani mmoja. Askari walivaa taa ndogo za infraredi kujitambulisha, lakini mtambo wa kulengea wa ndege ile haukuwa na uwezo wa kuziona taa hizo. Zoezi lake: rubani wa kuigiza anasema hakuna alama ya wenzetu pale anapolenga. Mwanafunzi anapaswa kuuliza: je, ndege hii inaweza kuiona alama hiyo hata kama ipo? Kutoona na kutokuwepo ni vitu viwili.

Mengine yaandike mwenyewe. Kikosi kimesogea mita 300 mbele bila kutoa taarifa. Rubani amebakiza dakika sita za mafuta. Marudio ya mstari wa 6 yana tarakimu moja tofauti. Watoto na mbuzi wanaonekana njiani sekunde ishirini kabla ya bomu. Na moja ambalo kamwe halipaswi kukosekana: kamanda wa ardhini anayepiga kelele redioni, askari wake wameumia, anataka bomu sasa hivi, na mwanafunzi bado hajathibitisha shabaha. Mchague mwigizaji mwenye cheo kikubwa kuliko mwanafunzi, na amkaripie kweli.

Katika kila mazoezi manne, jibu sahihi la moja liwe kutodondosha chochote. Kama kila kipindi kinaisha kwa mlipuko kwenye skrini, umewafundisha kwamba mlipuko ndio alama ya kufaulu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kipindi kimoja kisizidi dakika 40 ndani ya simyuleta. Baada ya hapo masikio yanachoka. Mpe mwanafunzi nusu saa ya kupanga, na ramani halisi ya karatasi. Akishaanza, usimkatize, hata ukiona anaelekea shimoni. Shika saa, andika dakika na neno alilosema.

Sehemu ya kuangalia kwa makini zaidi ni ile ya kati ya ndege kuiacha nukta ya kuanzia na bomu kutoka. Piga hesabu ubaoni kabla ya kuanza: maili 8 za baharini kwa nodi 450 (maili za baharini kwa saa) ni sekunde 64, na kila sekunde ndege inakula mita 230 hivi. Ndani ya muda huo mwongozaji anatakiwa kuitafuta ndege, kuangalia pua yake imeelekea wapi, kumsikiliza kamanda, na kusema neno la ruhusa au la kusitisha. Neno la kusitisha ni "abort", linatamkwa mara tatu, na mtu yeyote kwenye mtandao ule wa redio anaweza kulisema.

Lifanyie neno hilo mazoezi yake peke yake. Ninaita zoezi la mlango. Endesha mashambulizi kumi mfululizo, kila moja linaanzia pale ndege inapoondoka nukta ya kuanzia. Mistari tisa imeshatumwa. Katika hayo kumi, manne yana kasoro inayojitokeza sekunde 15 au 20 za mwisho: pua ya ndege iko digrii 40 nje ya sharti, rubani anataja jengo jingine, moshi wa alama unatokea kwa wenzetu. Mwanafunzi wa siku ya kwanza huiona kasoro, unamwona usoni kabisa ameiona, kidole kiko kwenye kitufe cha redio, na mdomo haufunguki. Anajiuliza kama ana uhakika. Mwambie waziwazi: shaka yenyewe inatosha. Ndege ikisitishwa bure inazunguka na kurudi baada ya dakika chache. Kufikia siku ya tatu mdomo unafunguka kabla ya mawazo kumaliza kubishana, na hapo ndipo mafunzo yameingia.

Hatua ya 8: Kukaa chini baada ya zoezi

Tenga muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Dakika 40 za kuigiza zidai saa moja ya mazungumzo. Rekodi sauti za redio zote mbili pamoja na picha ya juu inayoonyesha ndege na vikosi, na uzicheze pamoja.

Mwanafunzi aanze. Aeleze alichokuwa anakiamini katika kila hatua, kabla hajaonyeshwa ukweli. Halafu simamisha rekodi mahali ambapo imani yake na ukweli vilianza kuachana. Mara nyingi ni dakika kumi kabla ya kosa lenyewe: aliandika gridi wakati kamanda anaongea, au alipokea taarifa ya kikosi kusogea akasema "nimepata" bila kusogeza pini kwenye ramani. Hapo ndipo pa kurekebisha. Kumwambia "ulipiga sehemu isiyo sahihi" hakumsaidii. Hilo alilijua tangu skrini ilipowaka nyekundu.

Pima vitu vichache vinavyohesabika: dakika kati ya ndege kujitambulisha na marudio kukamilika, makosa ya marudio aliyoyakamata na yaliyompita, mara alizositisha na mara alizopaswa kusitisha. Rubani wa kuigiza na kamanda wote waseme walichosikia. Na zoezi ambalo halikwenda vizuri lirudiwe siku hiyo hiyo, mtu asilale na kosa kichwani bila kulisahihisha.

Hatua ya 9: Kutoka kwenye kuba kwenda juani

Simyuleta ina uongo wake, na mwanafunzi aambiwe kabla hajatoka. Haina kilo 30 mgongoni. Haina joto linaloyumbisha picha kwenye darubini saa nane mchana, wala betri zinazokufa zenyewe, wala kelele ya ndege inayomeza sauti ya redio. Milipuko yake ni safi mno. Ya kweli inanyanyua vumbi linaloficha shabaha kwa dakika nzima, na shambulio la pili linasubiri. Baya kuliko yote, kwenye kuba mtu anajua moyoni kwamba hakuna atakayekufa.

Basi vuka daraja polepole. Siku mbili za kwanza uwanjani, ndege zipite bila kuachia chochote, mtiririko ule ule wa hatua kumi na mbili, kadi zile zile. Kisha silaha za mazoezi zisizolipuka. Mkufunzi asimame hatua moja nyuma ya mwanafunzi, na redio yake mwenyewe mkononi iliyo kwenye masafa yale yale. Katika mashambulizi ya mwanzo ya siku ya kwanza, mwambie rubani kabla ya kuruka, bila mwanafunzi kujua, aje mara moja akiwa nje ya sharti la mwelekeo. Ndege haina kitu cha kuachia siku hiyo. Msikilize mwanafunzi: kama "abort" imetoka ikiwa wazi, mara tatu, kabla mkufunzi hajabonyeza kitufe chake, mpeleke hatua inayofuata. Kama haijatoka, rudini kwenye kuba kesho asubuhi, mkaanze na zoezi la mlango.